Yong: Herufi Iliyodumu kwa Kugawiwa

Mwaka 353, siku ya tatu ya mwezi wa tatu kwa kalenda ya Kichina, Wang Xizhi, mtawala wa jimbo la Kuaiji, aliwaalika jamaa na marafiki zake Lanting, mahali pa mapumziko kando ya kijito, karibu na mji ambao leo unaitwa Shaoxing katika mkoa wa Zhejiang. Walikuja watu wapatao 40. Wakaketi kingoni, na vikombe vya pombe vikaachwa vielee na maji. Kikombe kikisimama mbele ya mgeni, mgeni huyo alipaswa kutunga shairi; akishindwa, alikunywa kama faini. Mashairi yalipokusanywa, mwenyeji akaombwa ayaandikie dibaji. Wang Xizhi akachovya brashi kwenye wino, akaandika mistari 28 yenye herufi 324. Herufi ya kwanza kabisa ilikuwa hii: 永.

Husomwa yong, na maana yake ni daima. Wang Xizhi hakuiweka mwanzoni kwa ajili ya maana hiyo. Alikuwa akiandika tarehe, na zama za utawala wa wakati ule ziliitwa Yonghe. Lakini dibaji ile ilikuja kuhesabiwa kuwa kilele cha ustadi wa mwandiko nchini China, na herufi iliyoitangulia ikawa mlango wa kuingilia katika ustadi huo. Kwa karne nyingi, Mchina anayejifunza kushika brashi amekuwa akiwekewa herufi hii mbele yake, aiandike, aitazame, aiandike tena. Wajapani na Wakorea, walioyapokea maandishi ya China, walilipokea na zoezi hilo.

Historia ya Yong ni historia ya kufundishana. Imepita kwa makuhani, makarani, watawa, wafalme, watoto wa shule, wakulima na vibarua, na kila kundi lilipata nafasi ya kuiandika baada ya kundi jingine kukubali, au kulazimika, kuiachia. Ukiifuata njia hiyo tangu mwanzo hadi leo, unaona jambo moja likijirudia: waliofungia maandishi yao walikuja kuyapoteza, na waliogawa ndio waliotuachia kitu.

Maandishi ya Kichina ya zamani kabisa tunayoweza kuyasoma yalichimbuliwa Anyang, katika mkoa wa Henan, uliokuwa mji mkuu wa mwisho wa nasaba ya Shang zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Yalichongwa kwa kisu kwenye mifupa ya bega ya ng'ombe na magamba ya tumbo ya kobe. Mfalme alipotaka kujua kama mvua itanyesha, kama malkia atajifungua salama, au kama vita vitaleta ushindi, waaguzi wake walilipasha gamba moto mpaka likapasuka, wakasoma nyufa, kisha wakachonga swali pembeni. Wasomi walianza kuyatambua maandishi hayo mwaka 1899, wakati Wang Yirong, mkuu wa chuo cha kifalme Beijing, alipogundua kwamba mifupa iliyokuwa ikisagwa na kuuzwa kama dawa ilikuwa na herufi za kale.

Yong imo katika mifupa hiyo. Mmoja wa waaguzi wa mfalme Wu Ding alijulikana kwa herufi hiyo hiyo, na jina lake linaonekana tena na tena mbele ya maswali aliyoyauliza kwa niaba ya mfalme. Umbo la wakati ule lilikuwa picha: mkondo wa maji unaogawanyika, au, kama wanavyoona wataalamu wengi wa leo, mtu aliye ndani ya maji. Na wakati huo tayari palikuwa na wanafunzi. Kati ya magamba ya Anyang yapo yaliyochongwa majina ya siku 60 za mzunguko wa kalenda, mstari mmoja ukiwa safi na thabiti, mingine ikiwa imepinda na kuyumba. Wataalamu wameyatambua kuwa ni mazoezi: fundi alichonga mfano, na mwanagenzi akaufuata kwa mkono uliokuwa bado haujazoea kisu. Majina yao hayakuandikwa popote. Tunachojua ni kwamba walikuwa wachache mno, na kwamba kazi yao haikutoka nje ya uzio wa mfalme na mizimu yake.

Nasaba ya Zhou ilipowaondoa Shang mwaka 1046 KK hivi, herufi ilihama kutoka kwenye mifupa kwenda kwenye shaba. Mabwana wakubwa walisubu vyungu na sufuria za tambiko, na ndani yake wakaandika nani alipewa nini na mfalme, na kwa sababu gani. Mara nyingi maandishi hayo yaliishia kwa dua moja: watoto na wajukuu wakitunze chombo hiki na kukitumia daima. Neno hilo la daima ni Yong, na hapo ndipo lilipopata kazi ambayo linaifanya mpaka leo, kazi ya kuwafunga waliokufa, walio hai na watakaozaliwa katika ahadi moja.

Baadaye serikali ilihitaji waandishi wengi zaidi. Mwaka 221 KK mfalme wa Qin aliziunganisha nchi za China chini yake, na waziri wake Li Si akaamuru maumbo ya herufi, yaliyokuwa yakitofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine, yafanywe mamoja. Dola kubwa haiendeshwi kwa mdomo. Kodi, sensa, hukumu na zamu za jeshi, vyote vilitaka karani. Sheria za mwaka 186 KK, zilizopatikana kwenye kaburi la Zhangjiashan katika mkoa wa Hubei, zinaeleza jinsi karani alivyopatikana: mtoto wa karani alianza masomo akiwa na miaka 17, akasoma miaka mitatu, kisha akatahiniwa. Aliyeweza kusoma na kuandika herufi 5,000 au zaidi ndiye aliyefaa kuajiriwa. Mlango ulikuwa umefunguka kidogo, lakini sheria ile ile inaonyesha kwamba aliyepita alikuwa mtoto wa aliyekwisha kupita.

Makarani hao ndio waliobadilisha sura ya Yong. Mtu anayeandika kutwa nzima hana muda wa kuchora mto. Mikunjo ya picha ya zamani ikanyooshwa, ikakatwa, ikawa mistari inayoandikika haraka. Mwaka 100 BK msomi Xu Shen alikamilisha kamusi yenye herufi 9,353, akazipanga chini ya vichwa 540 na kueleza asili ya kila moja. Kuhusu Yong alisema ni urefu, akaufananisha na mikondo ya maji inayokwenda mbali. Kamusi hiyo ilifikishwa kwa mfalme mwaka 121, mikononi mwa mwanawe Xu Chong. Sasa hata mtu asiyezaliwa na baba karani aliweza, angalau kwa nadharia, kufungua kitabu na kuelewa herufi imejengwaje.

Karne mbili zilizofuata zilileta karatasi iliyo nafuu, na pamoja nayo brashi ya manyoya laini ikaonyesha uwezo wake wote. Kisu juu ya mfupa hutoa mstari mmoja tu. Brashi ikibonyezwa hunenepesha mstari, ikiinuliwa huufanya mwembamba, ikigeuzwa huacha kona, ikirushwa huacha ncha. Kila hali ya mkono inabaki kwenye karatasi na haifutiki. Ndiyo maana mwandiko ukawa sanaa, na ndiyo maana ulihitaji mwalimu wa karibu. Mapokeo yanasema Wang Xizhi mwenyewe, akiwa mtoto, alifundishwa na mwanamke, Wei Shuo, aliyesifika kwa mwandiko wake katika zama zile. Ni vyema kulikumbuka jina hilo, kwa sababu wanawake waliokuja baada yake hawakuachwa wakae karibu na wino kirahisi.

Karne mbili na zaidi baada ya Lanting, mzao wa kizazi cha saba wa Wang Xizhi alikuwa mtawa wa Kibuddha. Jina lake la utawa lilikuwa Zhiyong, na sehemu ya pili ya jina hilo ni herufi yetu. Inasimuliwa kwamba aliishi ghorofani katika hekalu lake miaka 30 akiandika. Brashi zilizochakaa alizitia kwenye makapu makubwa, na makapu yalipojaa akazizika ardhini kwa heshima, kama anavyozikwa mtu. Watu waliokuja kumwomba mwandiko walikuwa wengi hata kizingiti cha mlango kikalika, ikabidi kivikwe bati la chuma.

Alichokuwa akiandika ni matini moja iitwayo Maandishi ya Herufi Elfu. Ilitungwa na Zhou Xingsi kwa amri ya mfalme Wu wa nasaba ya Liang, aliyetawala kuanzia mwaka 502 hadi 549. Mfalme alitaka wanawe wajifunze mwandiko wa Wang Xizhi, kwa hiyo zikateuliwa herufi 1,000 kutoka katika kazi za bingwa huyo, na Zhou akatakiwa azipange ziwe na maana na vina. Alifaulu, katika mafungu 250 ya herufi nne nne. Mapokeo yanasema alimaliza kwa usiku mmoja na asubuhi nywele zake zikawa nyeupe. Yong imo, karibu na mwisho.

Zhiyong aliinakili matini hiyo, inasemekana, mara 800, kila nakala kwa miandiko miwili sambamba: ule wa kawaida unaosomeka wazi, na ule wa haraka ambamo mistari huungana. Kisha akazigawa kwenye mahekalu ya mashariki ya Zhejiang, ili popote mtu atakapotaka kujifunza akute mfano mzuri. Hakuziuza kwa matajiri, wala hakuzikusanya mahali pamoja.

Zoezi la Yong nalo mara nyingi huhusishwa na Zhiyong, ingawa wengine humtaja Wang Xizhi mwenyewe na wengine mabingwa wa nasaba ya Tang. Huitwa njia nane za herufi Yong. Kwa hesabu ya shule za leo herufi hii ina mistari mitano tu, maana mstari huhesabiwa tangu brashi inaposhuka hadi inapoinuliwa. Lakini ndani ya mistari hiyo mitano mkono hufanya miendo minane, na kila mwendo una jina lake. Kwanza ni nukta ya juu, inayowekwa kwa ubavu wa ncha. Mstari wa pili una miendo mitatu: ulalo unaozuiwa kama hatamu, wima unaoshuka kwa nguvu iliyobanwa, kisha mruko mfupi wa ndoano kwenda kushoto. Mstari wa tatu una miwili: mwendo mfupi unaopanda kama mjeledi, halafu mfagio mrefu unaoteremka kushoto. Wa nne ni mdonoo, mfupi na mkali, kutoka juu upande wa kulia. Wa tano ni mpasuo, unaoteremka kulia ukinenepa mpaka karibu na mwisho, ambapo mkono husita na kutoka polepole.

Mpangilio huu haubadiliki. Juu hutangulia chini, na kushoto hutangulia kulia. Mtu asiyejua anaweza kuona ni ukaidi wa walimu, lakini sababu ni ya kimatendo. Herufi zilizo maelfu haziwezi kukaa kichwani kama picha maelfu. Zinakaa kwa sababu mkono unajua safari ya kila moja, na safari hizo zote zimejengwa kwa miendo michache ile ile. Anayeiweza Yong ameshika viungo vingi atakavyovikuta katika herufi nyingine. Pia anayeandika haraka, akaunganisha mistari, bado anasomeka, kwa kuwa msomaji anaijua njia ambayo brashi imepita. Walimu wa zamani walisisitiza hata jambo dogo kama wima wa katikati: usinyooshwe kupita kiasi, la sivyo hupoteza nguvu. Mambo kama hayo hayajifunzi kwa kuelezwa. Mwalimu huandika, mwanafunzi hutazama kifundo cha mkono, kisha hujaribu.

Dibaji ya Lanting yenyewe ilikuwa na hatima tofauti. Inasimuliwa kwamba ilirithishwa katika ukoo mpaka kwa Zhiyong, na yeye akamwachia mwanafunzi wake, mtawa Biancai. Mfalme Taizong wa Tang, aliyetawala kuanzia mwaka 626 hadi 649, aliupenda mwandiko wa Wang Xizhi kuliko mwingine wote na akaitafuta kazi hiyo kila mahali. Biancai alipoitwa alikana kuwa nayo. Mfalme akamtuma afisa aitwaye Xiao Yi, aliyejifanya msomi maskini, akajenga urafiki na mtawa huyo, wakanywa na kutunga mashairi pamoja, mpaka siku moja Biancai akamwonyesha hazina yake. Haukupita muda Xiao Yi akaichukua. Taizong aliwaagiza mafundi wa ikulu wainakili, nakala zikagawiwa kwa wana wa mfalme na mawaziri. Alipofariki, inasemekana, dibaji halisi ikazikwa pamoja naye, na haijaonekana tena.

Hapa ndipo somo lilipo. Kazi ya asili, iliyolindwa na mfalme mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake, ilipotea chini ya ardhi. Nakala zilizotoka nje ndizo zilizobaki. Ile inayosifiwa zaidi, inayohusishwa na fundi Feng Chengsu, imehifadhiwa Beijing katika Jumba la Makumbusho la Kasri. Vivyo hivyo kwa Zhiyong: mwaka 1109 Herufi Elfu zake zilichongwa kwenye jiwe linalosimama hadi leo Xi'an, na nakala ya wino inatunzwa Japani. Yong ya Wang Xizhi tunayoiona leo ni kazi ya mikono ya watu waliojifunza kwake.

Katika zama hizo hizo za Tang elimu ya kuandika ilifika mbali na ikulu. Maafisa walipochujwa walipimwa kwa mambo manne, umbo na mwenendo, usemi, mwandiko na uamuzi, kwa hiyo kijana wa mkoani aliyetaka cheo alilazimika kuwa na mkono mzuri. Mwaka 1969, katika makaburi ya Astana karibu na Turpan, kwenye jangwa la kaskazini-magharibi, ilipatikana karatasi ndefu iliyoandikwa mwaka 710 na mwanafunzi wa miaka 12, Bu Tianshou. Alikuwa ananakili mafundisho ya Confucius pamoja na ufafanuzi wake. Alipomaliza aliongeza mistari yake mwenyewe: kazi imekwisha, mwalimu asimkasirikie kwa kuchelewa, na kwa kuwa kesho ni siku ya mapumziko, wanafunzi waruhusiwe mapema. Katika pango la Dunhuang nako kulipatikana karatasi nyingi za watoto waliofanya mazoezi ya Herufi Elfu, herufi moja ikirudiwa mstari baada ya mstari.

Waliokosa karatasi walitafuta njia nyingine. Ouyang Xiu, aliyezaliwa mwaka 1007 na kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa nasaba ya Song, alifiwa na baba akiwa mdogo. Mama yake hakuwa na fedha za karatasi wala brashi, akamfundisha kwa kuchora herufi ardhini kwa utete. Yeyote aliyesoma chuoni pwani yetu, akaandika alifu kwenye ubao, akauosha na kuandika tena, anaielewa elimu ya mama huyo: herufi inafutika, lakini mkono umekwisha kuihifadhi.

Karne nne baadaye Yong ilifika mahali ambapo walioiandika hawakupatarajia. Mwaka 1402 Zhu Di wa nasaba ya Ming alitwaa kiti cha ufalme, na zama zake zikaitwa Yongle. Aliagiza vitabu vyote vya maana vikusanywe katika kamusi elezo moja. Wasomi zaidi ya 2,000 wakaifanya kazi hiyo, na mwaka 1408 ikakamilika ikiwa na majuzuu 11,095, yote yakiwa yameandikwa kwa mkono. Mfalme huyo huyo ndiye aliyemtuma amiri Zheng He baharini na merikebu zake. Mwaka 1414 twiga alifika ikulu kutoka Bengal, na mwaka 1415 wajumbe wa Malindi wakaleta wa kwao. Wachina walimwona mnyama huyo kuwa qilin, kiumbe wa baraka wa hadithi zao, na Shen Du, mwandishi bingwa wa ikulu, akaandika sifa zake kando ya picha ya twiga wa mwaka 1414.

Sarafu za mfalme huyo, zenye tundu la mraba katikati, zilibeba herufi nne, na ile ya juu kabisa ilikuwa Yong. Moja ilichimbuliwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, mwaka 2010. Nyingine ilipatikana kisiwani Manda, katika funguvisiwa la Lamu, na habari zake zikatangazwa mwaka 2013. Kwa hiyo Yong, ile ile iliyofungua dibaji ya Lanting, ilikuwa katika ardhi ya Waswahili kwa miaka mingi, ikisubiri wa kuisoma. Ilivuka bahari kwa sababu sarafu ni kitu cha kupita mkononi. Kamusi elezo kubwa ya Yongle haikuwa hivyo. Nakala ya asili imetoweka, na nakala ya pili, iliyofanywa karne ya 16 na kufungiwa Beijing, iliharibiwa na kuporwa, hasa katika vita na moto wa karne ya 19 na wa mwaka 1900. Leo yamebaki majuzuu 400 hivi.

Huku wanaume wakiandika kwa ajili ya mitihani na vyeo, wanawake wengi hawakufundishwa kabisa. Katika wilaya moja ya kusini ya mkoa wa Hunan, iliyoitwa zamani Yongming na sasa Jiangyong, wanawake waliunda maandishi yao, nüshu. Walichukua maumbo ya herufi za Kichina, wakayafanya membamba na ya mshazari, na kila alama ikawakilisha sauti ya lahaja yao. Waliandikiana barua na wenzao waliofanya nao udada wa kiapo. Bibi harusi, siku ya tatu baada ya ndoa, aliletewa kitabu cha kitambaa chenye maneno ya huzuni na faraja kutoka kwa mashoga zake. Mama alimfundisha binti, shangazi akamfundisha mpwa. Wilaya ilibeba herufi Yong katika jina lake, na wanawake wengi waliozaliwa humo hawakufundishwa kuiandika. Mengi ya maandishi yao yalichomwa au kuzikwa pamoja na wenyewe. Yang Huanyi, anayehesabiwa kuwa wa mwisho aliyeyapata kwa malezi ya asili, alifariki mwaka 2004.

Mlango mkubwa ulifunguliwa mbali na China. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza na Ufaransa ziliajiri vibarua wa Kichina wapatao 140,000, wengi wao wakulima wa mkoa wa Shandong, kuchimba mahandaki, kupakua meli na kutengeneza reli nchini Ufaransa. Mwaka 1918 kijana wa Sichuan aliyekuwa amehitimu Yale, Yan Yangchu, alikwenda kuwahudumia. Kila jioni walimjia awaandikie barua za nyumbani. Barua zilizidi uwezo wake, akaamua kuwafundisha waandike wenyewe. Wachache walijitokeza mwanzoni. Baada ya miezi kadhaa, watu waliobeba mizigo mchana kutwa wakaweza kusoma habari na kuandika kwa wake na wazazi wao. Mwaka uliofuata alianzisha gazeti la vibarua.

Yan alisema baadaye kwamba vibarua ndio waliomfundisha yeye, kwa kumwonyesha kuwa mkulima hakukosa akili, alikosa nafasi. Aliporudi China alitayarisha masomo ya herufi elfu moja zinazotumika zaidi katika maisha ya kila siku. Mwaka 1922 kampeni yake ilianza Changsha, na miongoni mwa walimu wa kujitolea alikuwamo Mao Zedong. Baadaye akahamia vijijini, wilaya ya Ding katika mkoa wa Hebei. Zhou Xingsi alikuwa amepanga herufi elfu kwa ajili ya wana wa mfalme. Miaka 1,400 baadaye Yan alizichagua upya kwa ajili ya mwenye jembe.

Wapo waliodai wakati huo kwamba njia pekee ya kuliokoa taifa ni kuzitupa herufi na kuandika kwa alfabeti. Mwandishi Lu Xun alikuwa mmoja wa waliozishambulia kwa ukali, na uchungu wao ulikuwa wa haki, kwa kuwa wengi wa watu wao hawakujua kusoma. Serikali iliyoingia mwaka 1949 ilishika njia ya kati. Mwaka 1956 ilitangaza herufi zilizorahisishwa, na mwaka 1958 ikapitisha pinyin, njia ya kuandika matamshi kwa herufi za Kilatini ambayo Zhou Youguang aliongoza utayarishaji wake. Madarasa ya usiku yakajaa. Mkulima aliyejua herufi 1,500 na mfanyakazi wa mjini aliyejua 2,000 wakahesabiwa kuwa wametoka gizani. Maumbo ya herufi nyingi yalibadilika. Yong haikuguswa.

Kompyuta ilileta hofu mpya. Maelfu ya herufi yangekaaje kwenye vibonye vichache? Mwaka 1983 mhandisi wa Henan, Wang Yongmin, ambaye jina lake nalo lina Yong, alitoa mfumo wa Wubi, unaoivunja herufi katika sehemu zake kwa kufuata mpangilio wa mistari. Hofu ikatulia. Lakini leo watu wengi hutumia pinyin: mtu anaandika y-o-n-g, skrini inamletea orodha ya herufi zenye sauti hiyo, naye anachagua. Anaitambua Yong akiiona, ila mkono haukuisafiri. Wachina wengi waliosoma sana wanakiri kwamba wakishika kalamu herufi inawatoka. Mwaka 2013 televisheni ya taifa ilianzisha mashindano ya imla kwa vijana, na wazazi waliotazama nyumbani walijikuta hawawezi kuandika maneno wanayoyatamka kila siku.

Shule bado zinadai mtoto ajue herufi 3,500 hivi kufikia mwisho wa miaka tisa ya elimu ya lazima, na wizara imeagiza mwandiko wa brashi ufundishwe. Nje ya China pia wanafunzi wameongezeka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua taasisi ya lugha ya Kichina mwaka 2005, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, na Dodoma na Dar es Salaam zikafuata mwaka 2013. Mwanafunzi wa Kenya au Tanzania anayeandika Yong leo kwenye daftari la miraba anafuata mpangilio ule ule wa juu kabla ya chini, kushoto kabla ya kulia.

Wapo wanaosema kuandika kwa mkono ni kupoteza muda, kwa kuwa simu inakumbuka yote. Historia ya herufi hii inawajibu. Hazina za wafalme ziliungua, na dibaji ya Wang Xizhi iko kaburini. Kilichoifikisha Yong kwetu ni nakala zilizogawiwa bure na mtawa, mama mwenye utete, mtoto wa miaka 12 aliyechelewesha kazi yake, na vibarua waliokesha baada ya zamu. Kila mmoja wao alikuwa na ujuzi mkononi, ndipo akaweza kumpa mwingine. Skrini inaweza kutunza umbo la herufi, lakini haiwezi kumfundisha mtoto namna ya kulitoa kwenye mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo bado ni ya mwalimu aliyeketi karibu, na jamii inayotaka maandishi yake yaishi, iwe ya China au ya kwetu, haina budi kumlipa mwalimu huyo, kumheshimu, na kumwekea watoto wote mbele yake, wa kike na wa kiume, wa ikulu na wa kijijini.